Shahada ya Heshima Haina Ada: Niliyoyakuta Bungoma na Kitale

Dada yangu alinipigia simu baada ya sala ya Isha. Ameolewa Bungoma, huu mwaka wa ishirini na tatu, na si mtu wa kupiga simu usiku ila pana jambo. Akaniuliza, "Wewe unayeandika makala, hivi udaktari hununuliwa?" Nilidhani azungumzia dawa. "La," akasema, "udaktari wa kofia na joho. Shemejiyo amechaguliwa. Yatakiwa elfu tisini na tano, na elfu ishirini keshatuma."

Shemeji ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Amefundisha miaka thelathini na ushei, nusu Bungoma na nusu Kitale, na ukitembea naye sokoni huwezi kupiga hatua kumi bila mtu kumsimamisha amwamkie. Barua ilimjia kwa WhatsApp. Ilikuwa na mihuri mitatu, nembo ya ndege mwenye mabawa yaliyokunjuliwa, na jina refu la chuo ambalo ndani yake mlikuwa na neno "kimataifa". Ilisema kwamba jopo la wataalamu limemteua kutunukiwa Udaktari wa Heshima wa Falsafa kwa mchango wake katika jamii, kwamba hafla itafanyika hotelini Nairobi, na kwamba ada ya joho, cheti, picha na chakula cha mchana ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi. Nambari ya kutumia pesa ilikuwa ya mtu binafsi.

Kundi la familia lilikuwa limeshapamba moto. Watoto wa ndugu walioko Doha na Muscat walishaahidi, shangazi wa Malindi alishatuma elfu mbili, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika "Hongera Daktari" kabla ya kufikiri. Naona haya kulikiri, lakini ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi yake nikakata tikiti ya basi.

Nimeandika makala haya kwa idhini ya shemeji. Alisema niandike, ila nisitaje jina lake, kwa sababu barua kama hizo sasa zinawafikia watu wengi: maimamu, wenyeviti wa vikundi vya akina mama, waimbaji wa taarabu, wazee wa mitaa yetu hapa Mombasa. Kwa hivyo kabla ya kufika Bungoma, tuangalie kwanza shahada yenyewe ya heshima ni kitu gani.

Vyuo huiita kwa Kilatini honoris causa, yaani kwa ajili ya heshima. Ni shahada ambayo chuo kikuu humpa mtu bila kumtaka akae darasani, aandike tasnifu wala afanye mtihani. Chuo kinasema: kazi ya mtu huyu sisi tumeiona, na inatutosha. Desturi hii ni kongwe. Ya kwanza inayokumbukwa ilitolewa na Chuo Kikuu cha Oxford mnamo 1478 hivi, na aliyetunukiwa ni Lionel Woodville, kasisi ambaye dada yake alikuwa mke wa Mfalme Edward wa Nne. Yaani ya kwanza kabisa ilikwenda kwa shemeji wa mfalme. Nilipomsomea hilo shemeji yangu alicheka mpaka akatoa miwani.

Chuo chenye desturi njema hupita njia ndefu kabla ya kutoa. Kitivo au idara hupendekeza jina na kueleza kwa maandishi mtu huyo amefanya nini. Kamati hulipima. Seneti, ambayo ni mkutano wa maprofesa, hulijadili kwa siri, na mara nyingi mwenye jina hajui lolote mpaka mwisho. Baraza la chuo huidhinisha, kisha siku ya mahafali, mbele ya wanafunzi waliofuzu na wazazi wao, husomwa wasifu wake na chansela humtunuku. Joho hutolewa na chuo. Katika safari hiyo yote anayetunukiwa haombwi hata shilingi. Ni kweli wapo matajiri waliojengea vyuo maktaba na baadaye wakavishwa joho, na watu wamenung'unika kila mara jambo hilo linapotokea, tena kwa haki. Lakini hata hao hawakutumiwa nambari ya simu na tarehe ya mwisho ya kulipa.

Hapa Kenya, anayeruhusiwa kutoa shahada ya aina yoyote ni chuo kilichoidhinishwa kisheria. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ndiyo iliyounda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na tume hiyo huweka wazi orodha ya vyuo inavyovitambua. Chuo kikikua na kutimiza masharti hupewa hati yake, ile ambayo wengi huiita chata. Huko Bungoma, kwa mfano, kipo Chuo Kikuu cha Kibabii, mwendo mfupi kutoka mjini. Kilianza 2011 kikiwa chuo kishirikishi cha Masinde Muliro cha Kakamega, kikapata chata yake 2015. Chuo cha namna hiyo kina seneti, kina chansela, kina lango ambalo unaweza kwenda ukabisha hodi. Chuo kilichomwandikia shemeji sikukiona kwenye orodha ya Tume, na anwani yake ilikuwa ni sanduku la posta na barua pepe ya bure.

Zamani shughuli hii ilikuwa na sura nyingine. Kwa miaka mingi Rais wa Kenya ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma, hivi kwamba aliyepiga magoti kutunukiwa alimpigia Rais. Mwai Kibaki alipoingia aliwaachia wengine nafasi hizo, na 2003 mtu wetu wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui, akawa chansela wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Wazee wetu wanakijua kisa chake. Mwaka 1949 alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, Makerere haikumchukua, akawa karani katika taasisi ya Waislamu pale Mombasa ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hotuba yake ya Maulidi mbele ya Gavana Philip Mitchell ndiyo iliyomfungulia njia ya kupata ufadhili wa kwenda Uingereza. Manchester, Columbia, kisha uzamifu wa Oxford 1966. Huyo udaktari wake aliusotea, na bado kuna waliokuwa wakimwita Mwalimu.

Basi letu lilipita Eldoret alfajiri, na nikamkumbuka Kipchoge Keino. Alishinda dhahabu ya Olimpiki kule Mexico 1968 na nyingine Munich 1972, lakini yeye na mkewe Phyllis walijulikana Eldoret kwa jambo jingine pia: kulea mayatima. Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, kilimpa udaktari wa heshima wa sheria 2007. Keino hakuwa mwanasheria. Jina la shahada ya heshima halina maana kwamba aliyepewa anaijua taaluma hiyo. Ni jina la joho tu, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Mtu aliyepewa udaktari wa heshima wa sheria hawezi kusimama mahakamani, na wa sayansi hawezi kuajiriwa kufundisha kemia.

Nilimkuta shemeji amekaa barazani, amevaa kanzu na koti. Alijua nimefuata nini. Tulisalimiana, tukaulizana hali za watu wa Mombasa mmoja mmoja, dada akaleta chai na viazi vitamu. Kisha yeye mwenyewe akanipa barua, ameichapisha na kuitia kwenye faili ya plastiki.

Nilimuuliza, "Mwalimu, nani aliyekupendekeza?"

"Hawakusema."

"Wanajua shule ulizofundisha?"

Akaisoma tena barua kana kwamba huenda safari hii shule zitatokea. "Inasema nimehudumia jamii," akasema. "Jamii ipi, hawakuandika."

Nilitaka kuendelea, nimweleze habari ya Tume na orodha, lakini aliinua mkono. Aliyoniambia ndiyo yaliyonifanya niandike haya yote. "Huku kwetu tunazika watu wengi," alisema. "Kila mazishi pana mfawidhi. Husoma waliohudhuria: profesa fulani, daktari fulani, mheshimiwa fulani. Halafu husema, 'na walimu wengine'. Mimi nimekuwa 'na wengine' miaka thelathini. Wale maprofesa wawili nimewafundisha ngeli mimi."

Aliwahi kupata nafasi ya kusoma uzamili. Mwaka huo mtoto wa kwanza aliingia sekondari na wa pili aliumwa, akaiacha. Hakuipata tena. Sasa mtu wa miaka sitini na kitu anapoambiwa na karatasi yenye mihuri mitatu kwamba mchango wake umeonekana, ni nani atakayemlaumu kwa kutuma elfu ishirini? Wanaoandika barua hizi wanajua vizuri wanamwandikia nani. Hawamwandikii mwenye uzamifu wake kabatini.

Siku ya pili tulikwenda Kitale. Yeye alikuwa na shughuli zake za pensheni, mimi nilitaka kuuona mji ambao kwa sisi watu wa pwani tuliosoma sekondari wakati fulani ni mji wa kitabuni. Tulipanda matatu kupitia Webuye, Misikhu na Kamukuywa, mahindi pande zote mbili mpaka macho yachoke. Njiani shemeji alianza kuzungumza juu ya Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka 1996, ambayo aliifundisha ilipokuwa kitabu cha kutahiniwa. Msomaji unayeijua unakumbuka: kijana Kongowea Mswahili, mzaliwa wa Tanga, mama yake mwimbaji wa taarabu, anafunga safari ndefu kumtafuta baba yake huku bara, na safari hiyo inamfikisha Kitale. Wanafunzi wa Kitale, shemeji anasema, walikuwa wakishangaa kusikia mji wao ndani ya Kiswahili kile. Na sisi huku pwani tulishangaa kwamba Kiswahili kile kimeandikwa na mtu wa huko.

Walibora alizaliwa Bungoma akakulia upande wa Cherangany, karibu na Kitale. Jina la ukoo wake lilikuwa Waliaula, na kwa Mswahili "aula" na "bora" ni mamoja, ndipo akajiita Walibora. Alisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mtangazaji, akaenda Marekani akapata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, akafundisha Wisconsin, akarudi nyumbani. Aliaga dunia Nairobi Aprili 2020 baada ya kugongwa na gari, akazikwa kwao Trans Nzoia. Namtaja kwa sababu yeye ni mfano wa upande wa pili wa jambo hili. Udaktari wake ulikuwa wa kusomea. Lakini fikiri, msomaji: hata asingekwenda Ohio, hata angebaki na digrii yake moja, kitabu kilichowafanya maelfu ya watoto wa bara wakipende Kiswahili si ndicho hasa kitu ambacho seneti ya chuo ingekaa na kusema kinatosha?

Mfano wa namna hiyo tunao, tena mkubwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Chuo Kikuu cha Leeds miaka ya 1960 akaondoka bila kukamilisha tasnifu yake. Vitabu alivyoviandika badala yake vilienea duniani. Mwaka 2004 Leeds ileile ikampa udaktari wa heshima wa fasihi. Dar es Salaam ikafuata 2013, Bayreuth ya Ujerumani 2014, KCA ya Nairobi 2016, Yale 2017, Edinburgh 2019. Ukiziangalia tarehe utaona Kenya, nchi yake, haikuwa mbele katika foleni. Sitaki kusema sana hapo, marehemu kesha kwenda zake, lakini vyuo vyetu mara nyingi huwa vyepesi kuwaona walio madarakani na vizito kuwaona walio kwenye vitabu.

Profesa Wangari Maathai alikuwa na zote mbili. Alipata uzamifu wake 1971 Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Baada ya Tuzo ya Nobeli ya 2004, Chuo Kikuu cha Nairobi kikamtunuku udaktari wa heshima wa sayansi. Vya nje vilikuwa vimeshamtunuku zamani, enzi ambazo hapa nyumbani alikuwa akipigwa vita kwa kutetea Bustani ya Uhuru na msitu wa Karura.

Kitale kuna jumba la makumbusho lililoanza na mkusanyiko wa mlowezi mmoja, Kanali Stoneham, aliyekuwa akikusanya vipepeo, vitabu na zana za wenyeji tangu miaka ya 1920. Tuliingia kwa sababu shughuli ya pensheni iliisha mapema na jua lilikuwa kali. Barabara iliyo nje ya mji huo ndiyo inayoendelea Kapenguria hadi Lodwar na Turkana, na hapo nikampa shemeji kisa ambacho nilikuwa nimekiweka tangu Mombasa.

Kamoya Kimeu alikuwa Mkamba ambaye elimu yake ya darasani haikuvuka shule ya msingi. Mwaka 1960 aliajiriwa kuchimba na akina Leakey kule Olduvai, Tanganyika, kazi ambayo wengi waliiogopa kwa kuwa ni kufukua mifupa ya wafu. Akawa na jicho ambalo maprofesa hawakuwa nalo. Mwaka 1964 aliliona taya la Peninj karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana, mahali paitwapo Nariokotome, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto nyeusi, na walipochimba wakapata karibu kiunzi kizima cha mvulana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Dunia inamjua kwa jina la Mvulana wa Turkana. Vitabu na makala za kitaalamu zimeandikwa juu ya mifupa hiyo, na watu wamepata uprofesa kwayo. Kamoya alipata medali ya Marekani 1985, wanyama wawili wa kale wakapewa jina lake, na 2021, akiwa mzee sana, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kikamtunuku udaktari wa heshima wa sayansi. Alifariki mwaka uliofuata, Julai 2022.

Shemeji alinyamaza muda. Kisha akauliza, "Walimtoza ngapi?"

Hata Mary Leakey mwenyewe, aliyemwajiri, hakuwa na digrii ya kusomea. Zote alizokuwa nazo, Witwatersrand, Yale, Oxford, zilikuwa za heshima. Ukitaka kuelewa shahada hizi zilikusudiwa nini, hao wawili wanatosha. Kuna elimu ambayo mtihani hauwezi kuipima, na chuo chenye adabu hukubali kwamba imo nje ya kuta zake.

Huku kwetu pwani elimu hiyo tumeishi nayo. Sheikh Ahmed Nabhany alikaa barazani Mombasa, wasomi wa Ulaya, Marekani na vyuo vyetu wakimjia kama wanavyokwenda kisimani, wakichota msamiati wa majahazi, mimea, ushairi wa kale. Neno "runinga" tunalotumia kila siku ni lake. Aliaga 2017. Watu wa mfano wake ndio ambao shahada ya heshima ilitungiwa, na kila nionapo mwanasiasa amevishwa joho nami sijui amefanya nini zaidi ya kushinda uchaguzi, huwafikiria wao.

Linabaki suala la kuitwa Daktari. Desturi ya vyuo vingi ni kwamba aliyetunukiwa hajiongezei jina hilo katika shughuli zake za kawaida. Ni heshima ya siku ile na ya ukuta ule wa nyumbani penye picha. Desturi hiyo huvunjwa tangu kale. Mmarekani Benjamin Franklin alitunukiwa na St Andrews ya Scotland 1759, na toka hapo akawa Daktari Franklin mpaka kaburini. Kwa jirani zetu wa Tanzania, Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Novemba 2022, na leo husomwa Daktari kwenye kila hafla. Kwa upande mwingine Julius Nyerere alisoma Edinburgh, chuo hichohicho kikamtunuku udaktari wa heshima 1962, na vingine vikafuata, lakini mpaka leo hata mtoto mdogo ukimuuliza atakwambia Mwalimu. Mimi niko upande wa Nyerere, na sitajificha. Lakini pia najua ni rahisi kukataa cheo ukiwa Rais.

Na chuo kinaweza kukuvua. Edinburgh ilimpa Robert Mugabe udaktari wa heshima 1984, ikamnyang'anya 2007. Massachusetts nayo ikafanya hivyo mwaka uliofuata. Wapo wasiotaka fujo hizi kabisa: ile taasisi kubwa ya teknolojia ya Marekani, MIT, haitoi shahada za heshima. Masinde Muliro naye, mwanasiasa wa Bungoma aliyeingia bungeni katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika 1957 na kufariki 1992, alipewa kitu kingine. Jina lake limebandikwa kwenye chuo kizima, na kila anayefuzu pale Kakamega huondoka nalo kwenye cheti.

Turudi Bungoma. Jioni tuliporudi kutoka Kitale tulikuta pana kumuse kijiji cha jirani. Kwa asiyejua, Wabukusu akifariki mzee wa heshima, siku chache baada ya maziko husimama mtu maalumu, omuswala kumuse, akazungumza mbele ya umati. Hana karatasi. Hupanga historia ya koo, vita, uhamaji, mafumbo, onyo kwa vijana, saa nyingi, huku akitembea huku na huku na umati ukimzunguka. Si kila mtu aruhusiwa. Ni kazi ya koo maalumu na ya watu waliokomaa. Tasnifu zimeandikwa kuhusu jambo hili na vyuo vimetoa shahada kwazo. Nilisimama nyuma kabisa, sikuelewa ila neno moja moja, shemeji akinitafsiria sikioni. Mzee yule, aliniambia, hakumaliza darasa la nne.

Usiku ule aliandika kwenye kundi la familia. Hakueleza mengi. Alisema hafla ya Nairobi haipo, waliotuma pesa watarudishiwa, na asiitwe Daktari. Shangazi wa Malindi alijibu kwamba elfu mbili zake zisirudishwe, zinunuliwe sukari. Elfu ishirini za kwanza hazikurudi. Tulipiga ile nambari mara tatu. Mara ya kwanza mtu alijibu kwa upole sana akasema cheti kimeshachapishwa, mara ya pili akakata, mara ya tatu nambari haikupatikana. Tuliripoti polisi, wakaandika.

Kwa hivyo, mwenzangu uliyepata barua ya namna hiyo, au mzee wako ameipata: tazama orodha ya Tume kwanza, uliza ni nani aliyempendekeza na kwa kazi gani, na ukiona ada tu, hata iwe ya joho, acha hapo. Ikiwa chuo kinasema kiko ng'ambo, tafuta kama nchi hiyo inakitambua. Usimcheke mzee. Nimekwisha kueleza kwa nini.

Kabla sijaondoka shemeji alinionyesha kitu. Alikuwa ametoa barua ile kwenye faili ya plastiki na kuitia karatasi zake mwenyewe, kurasa mbili kwa mkono, mwandiko wa ubaoni. Alikuwa ameandika pendekezo. Ameeleza umri wa yule mzee wa kumuse, koo anazozijua, idadi ya mazishi aliyosimama kwa makadirio, wanafunzi wa chuo waliowahi kumhoji na kichwa cha tasnifu mbili zilizotokana naye. Mhadhiri mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, alimshauri aipitishe kwa idara ya lugha badala ya kuipeleka ofisini moja kwa moja. Aliniomba nimsahihishie Kiswahili. Nilitafuta kosa nikakosa, ila koma moja.

Ilipelekwa mwezi wa Rajabu. Hadi naandika haya haijajibiwa, na juma lililopita dada aliniambia shemeji amekwenda tena kuulizia.